Anza na Saa Moja Jioni: Namna ya Kulinganisha Stima ya Nchi Mbili

Jumamosi moja asubuhi, binti wa jirani yangu hapa Kapsoya, Eldoret, alibisha hodi akiwa amebeba karatasi ya manila iliyoviringishwa kama mkeka. Yuko Gredi ya 9. Shuleni walikuwa wamepewa mradi wa kulinganisha vyanzo vya umeme vya nchi mbili, naye alikuwa amechagua Kenya na Tanzania. Aliikunjua juu ya meza yangu na kuweka kikombe kila pembe isijiviringe tena. Upande mmoja Kenya, upande wa pili Tanzania, na katikati orodha: maji, jotoardhi, upepo, jua, mafuta, gesi. Kila chanzo kilikuwa na megawati zake, zimeandikwa kwa mwandiko safi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, alikuwa ametoa hukumu: Tanzania imeshinda kwa sababu ina megawati nyingi zaidi.

"Mwalimu, mbona umenyamaza? Kuna kosa?"

Tarakimu zake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali alilolijibu. Nimefundisha jiografia miaka mingi, na kosa hilo nimelisikia darasani, redioni na kwenye majukwaa ya kisiasa: watu wanahesabu mitambo, halafu wanasahau kuuliza mitambo hiyo inafanya kazi lini na inakula nini. Tulikaa na ile manila mpaka mchana. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyafanya pale mezani, na yatamfaa mwanafunzi, mwandishi wa habari, diwani, au yeyote anayetaka kujua stima ya kwake inatoka wapi na ya jirani inatoka wapi.

Kwanza nilimwambia ageuze karatasi. Nyuma aandike sentensi moja tu: saa moja jioni, mwezi wa Machi, ni nini kinachowasha taa Eldoret, na ni nini kinachowasha taa Morogoro? Saa hiyo niliichagua kwa makusudi. Jua limezama, watu wamerudi nyumbani, pasi na televisheni na friji vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Machi nayo, kwa upande wa Kenya, kiangazi kinaelekea ukingoni na mabwawa mengi yamepungua. Nchi ikiweza kujibu swali hilo bila kuhangaika, imejipanga. Wastani wa mwaka mzima hauwezi kukuonyesha hilo.

Kabla ya kufika hapo, kuna vipimo viwili ambavyo ni lazima uvitenganishe, maana vikichanganyika kazi yote imeharibika. Kimoja ni uwezo wa mtambo, ambao hupimwa kwa megawati. Cha pili ni umeme uliozalishwa kweli, ambao hupimwa kwa uniti, zile zile unazonunua kwa tokeni. Chukulia matatu ya viti 14 ya Eldoret kwenda Iten. Viti ni megawati, abiria waliobebwa ni uniti. Matatu mbili zina viti sawa, lakini moja inaenda na kurudi mara sita kwa siku na nyingine inalala stendi ikingoja kujaa. Ukihesabu viti peke yake utasema zinalingana.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka una saa 8,760. Mtambo wa megawati 1 ukizunguka bila kusimama mwaka mzima unatoa uniti milioni 8.76. Sasa njoo hapa kwetu Uasin Gishu. Tuna mashamba matatu makubwa ya sola katika kaunti hii, Selenkei, Cedate na lile la Alten kule Kesses, kila moja likiwa na uwezo wa megawati 40. Shamba moja la namna hiyo lingetoa uniti milioni 350 kama jua lingewaka usiku na mchana. Lakini usiku upo, asubuhi na jioni jua ni dhaifu, na mawingu ya huku kwetu kila mtu anayajua. Kwa kawaida shamba la sola hutoa kama moja ya tano ya kiasi hicho, yaani uniti milioni 70 hivi. Mtambo wa mvuke wa Olkaria wenye megawati 40 zile zile, ukifanya kazi kwa asilimia 85 ya uwezo wake, unatoa karibu uniti milioni 300. Viti ni sawa, abiria ni mara nne na zaidi. Sisemi sola haina faida, maana uniti zake za mchana zinaokoa maji ya mabwawa yatumike jioni. Nasema tu usiweke megawati 40 za jua na megawati 40 za mvuke kwenye mstari mmoja ukazijumlisha kana kwamba ni kitu kimoja.

Binti aliuliza papo hapo: na lile bwawa kubwa la Tanzania? Ndilo lililokuwa limempa ushindi katika hukumu yake. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mashine tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mashine ya kwanza ikaingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Ni kazi kubwa, na Watanzania wana haki ya kuionea fahari. Tukapiga hesabu: mashine zote tisa zikizunguka mwaka mzima bila kupumzika zingetoa zaidi ya uniti bilioni 18. Kinachotarajiwa kwa mwaka ni karibu bilioni 6, theluthi moja. Mto hauna maji ya kuzungusha mashine zote kila saa, na bwawa la aina hiyo hujengwa likiwa na mashine nyingi ili liweze kutoa umeme mwingi kwa saa chache zinazohitajika. Hapo binti akachukua rula na kukata hukumu yake ya wino mwekundu kwa mstari mmoja ulionyooka.

Baada ya kuvitenganisha vipimo, tafuta njia ya kuona mgawanyo kwa macho. Chati ya duara ni sawa, lakini mimi napenda punje za mahindi, na Uasin Gishu punje hazikosekani. Chukua 24 kwa kila nchi, moja kwa kila saa ya siku. Kisha gawa uniti zote za mwaka kana kwamba ni siku moja. Tulipofanya hivyo kwa Kenya, kwa mwaka wa fedha wa 2023/24, ambapo gridi ilipata zaidi ya uniti bilioni 13, mgawanyo ulikuwa takriban hivi: punje 10 mvuke wa ardhini, 6 maji, 3 upepo, 1 jua, 2 mafuta, na 2 umeme ulionunuliwa nje. Zipange kwa mstari mezani. Mtu ambaye hajawahi kusoma ripoti ya nishati maishani mwake ataona mara moja kwamba nchi hii inaegemea Naivasha. Olkaria, iliyoko huko Naivasha, ilianza mwaka 1981 na mashine ya megawati 15 tu. Leo jotoardhi ya Kenya imepita megawati 900, na karibu yote inatoka Olkaria, kutoka kwenye visima vilivyochimbwa kilomita mbili hadi tatu chini.

Upande wa Tanzania punje zilituletea somo lingine. Kwa miaka mingi gesi asilia ilikuwa ndiyo tegemeo: ile ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuendesha mitambo ya Ubungo mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay kule Mtwara, iliyopata bomba la kuifikisha Dar es Salaam mwaka 2015. Kabla ya bwawa la Rufiji kuwashwa, zaidi ya punje 12 kati ya 24 zilikuwa za gesi. Bwawa lilipoanza kazi, maji yakaipita gesi katika muda mfupi sana. Binti alikuwa pia na atlasi ya mwaka 2021. Mgawanyo ulioandikwa humo ulikuwa kweli siku ulipochapishwa, na ulikuwa umeshapitwa. Kwa hiyo andika mwaka kwenye pembe ya jedwali kabla hujaandika tarakimu yoyote, na hakikisha nchi zote mbili ni za mwaka huo huo. Angalia pia ni mwaka wa aina gani. Taarifa za umeme za Kenya na Tanzania mara nyingi hufuata mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, lakini Ripoti ya Uchumi ya Shirika la Takwimu la Kenya hufuata Januari hadi Desemba. Ukichukua mwaka wa fedha huku na mwaka wa kalenda kule, unaweza kujikuta unalinganisha mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame bila kujua.

Mitego mingine ya tarakimu nitaitaja kwa haraka. Usilinganishe umeme uliozalishwa wa nchi moja na umeme uliouzwa wa nchi nyingine, kwa sababu katikati kuna unaopotea njiani, na Kenya imekuwa ikipoteza karibu robo. Ukitaka kusema nchi fulani ina umeme "mwingi", gawa kwa idadi ya watu: sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu milioni 47.6, ya Tanzania ya 2022 milioni 61.7. Na usiisahau Zanzibar, ambayo inapata umeme wake kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka bara. Unguja iliwahi kukaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya ulipoharibika. Pale tatizo halikuwa chanzo cha umeme hata kidogo.

Sasa punje za umeme wa nje. Wengi huziacha pembeni kwa jina hilo hilo, "umeme wa nje", na hapo wanapoteza habari nzuri. Umeme wa nje nao ulizalishwa kwa kitu. Fuata waya mpaka kwenye chanzo. Kenya ilianza kununua megawati 200 kutoka Ethiopia Novemba 2022, kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 inayoishia Suswa, na umeme wa Ethiopia karibu wote ni wa maji. Kwa hiyo sehemu ya zile punje inategemea mvua inayonyesha kwenye milima ya Ethiopia. Umeme wa Uganda vivyo hivyo: unatoka Mto Nile.

Na hili la Uganda sisi wa Eldoret tunalijua kwa karibu zaidi kuliko watu wa Nairobi. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, mwaka uliofuata ukaandikwa mkataba wa kuiuzia Kenya megawati 30 kwa miaka 50, na kufikia 1958 umeme ulikuwa unapita Tororo, unakuja Lessos, unaendelea mpaka Nairobi. Lessos iko jirani yetu, kule Nandi, na hadi leo ndiyo fundo la nyaya za upande huu wa nchi. Laini ya Turkwel inashukia hapo, ya Olkaria inapandia hapo, ya Uganda inavukia hapo. Mtu aliyetaka kulinganisha Kenya na Uganda mwaka 1960 angekuwa, kwa sehemu kubwa, analinganisha maji na maji yale yale. Leo Uganda imeongeza Bujagali mwaka 2012, Isimba 2019 na Karuma yenye megawati 600 iliyozinduliwa 2024, yote kwenye Nile. Ukiweka punje 24 za Uganda mezani, nyingi mno zitakuwa rangi moja.

Ndiyo maana nilimwambia binti kwamba neno "maji" peke yake halitoshi. Andika mto. Kenya ina mabwawa matano yaliyofuatana kwenye Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Yakijumlishwa yanakaribia megawati 600, na yote yanakunywa maji ya Aberdare na Mlima Kenya. Turkwel, yenye megawati 106, inapata maji yake kutoka Mlima Elgon. Sondu Miriu na Sang'oro ziko upande wa Ziwa Victoria. Kwa upande wa Tanzania nilimpa ramani afuatilie kwa kidole. Mtera na Kidatu ziko kwenye Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unaingia Rufiji. Kihansi nayo iko kwenye bonde hilo hilo. Bwawa la Nyerere liko chini ya hayo yote. Alipofika Stiegler's Gorge, lilipo bwawa hilo, kidole chake kilisimama. "Kumbe ni mto mmoja," alisema. Pangani, Hale na Nyumba ya Mungu ziko kwenye mto mwingine kaskazini, lakini zote tatu pamoja hazifiki megawati 100. Kwa hiyo Tanzania imeongeza maji mengi sana, na karibu yote ni ya bonde moja. Mwaka bonde hilo likikosa mvua, punje zake zitaondoka pamoja.

Hapa naomba niingize jambo linalotuhusu sisi wa Kapsoya. Mvua ya kwetu inaendelea hadi Agosti, Septemba. Barabara zinajaa tope, watoto wanaenda shule na gamboti, na watu wanasema bila shaka mwaka huu stima itakuwa rahisi maana mabwawa yamejaa. Lakini Masinga haipati tone la mvua ya Kapsoya. Mabwawa ya Tana yanajazwa na masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba kule Kenya ya kati, na Agosti yao ni baridi na manyunyu tu. Mwaka 2009 Masinga ilipungua maji hadi mitambo yake ikasimamishwa, na nchi ikaingia kwenye mgao. Ukitaka kupima maji ya nchi, usitazame dirishani kwako. Tafuta kina cha bwawa lenyewe.

Baada ya hayo yote, rudi kwenye ile sentensi ya nyuma ya manila. Saa moja jioni. Tulipiga hesabu ya Kenya kwa kutumia kilele cha Februari 2025, ambapo mahitaji yalifika megawati 2,316. Toa mvuke, tufanye 900 hata kama visima vyote havitoi kwa nguvu kila siku. Zimebaki kama 1,400. Toa maji, tuseme mabwawa yako vizuri na yanatoa 800. Zimebaki 600. Toa Ethiopia 200, zimebaki 400. Jua ni sifuri, mashamba yetu matatu yameshalala. Zile 400 zitoke wapi? Upepo wa Kenya, yaani Ziwa Turkana 310, Kipeto 100 na Ngong 25, unafika 435 ukivuma kwa nguvu zote. Ukivuma hivyo, tumevuka. Lakini upepo wa Loiyangalani, kule Ziwa Turkana, una tabia yake: huvuma zaidi usiku wa manane na alfajiri, wakati watu wamelala, mpaka mvuke wa Olkaria inabidi uachiwe uende hewani kwa kukosa matumizi. Upepo ukitulia saa moja jioni, pengo la 400 linazibwa kwa mafuta mazito ya Kipevu, Rabai na Thika, yaliyokuja kwa meli na kulipiwa kwa dola, au linazibwa kwa kuzimia watu stima.

Sasa unaona zile punje 2 za mafuta zina kazi gani. Zinaonekana ndogo kwenye wastani, lakini ndizo mlinzi wa jioni. Pale karibu na stendi yetu kuna mama mwenye poshomili. Mashine yake inazungushwa na mota ya stima, na nyuma, chini ya gunia, amehifadhi injini ya dizeli ya zamani. Haipendi, ina moshi na inakula pesa. Lakini siku stima inapokatika na foleni ya madebe ya mahindi imefika barabarani, analitoa lile gunia. Ukiangalia vitabu vyake vya mwaka, dizeli ni kidogo sana. Ukimwomba auze ile injini, atakataa.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa Tanzania. Mwanzoni mwa 2025 kilele chake kilikuwa chini ya megawati 2,000, huku uwezo wa mitambo yote ukiwa umepita 4,000. Rufiji ikiwa na maji, maji peke yake yanaweza kuibeba jioni nzima, na gesi ikapumzika. Maji yakipungua, kuna mitambo ya gesi ya karibu megawati 1,200, Kinyerezi, Ubungo na mingineyo, inayochoma gesi ya nchini. Hapo ndipo tofauti ya kweli ya nchi hizi mbili ilipo kwa maoni yangu. Mlinzi wa Kenya ni mafuta ya kuagiza na umeme wa jirani. Mlinzi wa Tanzania ni gesi yake mwenyewe. Kwa upande mwingine Kenya ina kitu ambacho Tanzania bado haina: mvuke usiojali mvua wala saa, unaobeba theluthi na zaidi ya mzigo wa jioni kila siku ya mwaka. Ningeulizwa ni ipi ningependa kuwa nayo, ningesema mvuke. Lakini ningetamani pia mlinzi wa Tanzania.

Kuna hatua moja zaidi ambayo vitabu vingi huiruka. Wastani wa nchi si wastani wa mtaa wako. Sisi wa magharibi tuko mwisho wa laini ndefu. Kwa sababu hiyo mwaka 2016 mtambo wa umeme uliokuwa Embakasi ulihamishiwa Muhoroni, uchome mafuta ya taa kusaidia upande huu, si kwa sababu nchi haikuwa na umeme bali kwa sababu nyaya hazikuweza kuusukuma wote mpaka huku kwa nguvu inayotakiwa. Mandera wameishi kwa jenereta za dizeli zisizoungana na gridi. Mkoa wa Kagera wa Tanzania umekuwa ukinunua umeme wa Uganda. Kwa hiyo ukimaliza jedwali la nchi, ongeza mstari mmoja wa mahali unapoishi, halafu mstari wa mahali pengine penye hali tofauti ndani ya nchi ile ile.

Tarakimu utazipata wapi? Kwa Kenya, mamlaka ya nishati, EPRA, hutoa ripoti ya takwimu kila nusu mwaka, na humo utaona uwezo na uzalishaji kwa kurasa tofauti kama nilivyoshauri. Kwa Tanzania soma ripoti za EWURA, mamlaka ya huko, na usikose hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati inayosomwa bungeni Dodoma kila mwaka. Hotuba hiyo imeandikwa kwa Kiswahili, mtambo kwa mtambo. Nilimwonyesha binti, akashangaa kwamba kitu cha kitaalamu namna hiyo kinaweza kusomwa bila kamusi. Utakutana na maneno tofauti kidogo: wao husema umeme, sisi stima. Wao hununua LUKU, sisi tokeni. Uniti ni uniti kotekote.

Na kuna kipimo ulicho nacho mfukoni. Ukinunua tokeni, sehemu ya pesa inaenda kwenye tozo, na moja ya tozo hizo ni gharama ya mafuta, inayotangazwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa miezi mingi ya 2024 na 2025 ilikuwa shilingi tatu na senti kadhaa kwa uniti. Ikipanda ghafla, mara nyingi ni dalili kwamba mlinzi wa jioni amefanya kazi zaidi, au dola imepanda, au yote mawili. Lakini lisome jedwali lenyewe kabla ya kulaumu dizeli: humo pia mna malipo ya mvuke wa Olkaria na ya umeme wa Uganda na Ethiopia. Daftari la mwanafunzi lenye tarakimu hiyo moja kila mwezi kwa mwaka mzima lina thamani kuliko chati nyingi za rangi nilizowahi kusahihisha.

Mwisho tulishughulikia mstari ambao binti hakuwa ameuweka kabisa: makaa ya mawe. Alisema ameuacha kwa sababu hakuna. Nikamwambia sifuri nayo ni jibu, iandike. Tanzania ina makaa ya mawe Ngaka, Ruvuma, yanachimbwa na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji, lakini hakuna mtambo mkubwa wa kuyageuza kuwa umeme wa gridi. Kenya ilikuwa karibu kujenga mmoja Lamu, wa megawati 1,050, zaidi ya uwezo wa mvuke wote tulio nao leo. Watu wa Lamu walikwenda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na leseni ikafutwa. Binti aliandika sifuri upande wa Kenya, akafikiri kidogo, kisha pembeni yake akaongeza kwa penseli: 26 Juni 2019.